Kabla ya Kufunga Mashine ya Kusaga Mabaki, Kagua Mwisho wa Bomba

Anayejenga au kukarabati nyumba Sirisia, Malakisi, Chwele au Kitale siku hizi hakosi kusikia habari za mashine ya kusaga mabaki ya chakula. Ni mashine ndogo ya umeme inayofungwa chini ya sinki. Unasukuma masalio ya chakula kwenye tundu la sinki, unafungulia maji, unabonyeza swichi, na kila kitu kinasagwa na kuteremka na maji. Wengine huiagiza mtandaoni, wengine hutumiwa na jamaa walio ng'ambo. Fundi anapoitwa, swali la kwanza huwa: je, bomba hili la zamani litaikubali?

Swali ni zuri, lakini limeanzia mahali pasipofaa. Kabla ya kutazama chini ya sinki, toka nje ufuate bomba hadi linapoishia. Mwisho wa bomba ndio utakaokuambia kama mashine inafaa nyumbani kwako, kama unachohitaji ni kurekebisha bomba peke yake, au kama pesa zako zitaingia shimoni pamoja na mabaki yenyewe. Makala haya yanaeleza jinsi ya kufanya ukaguzi huo, jinsi ya kurekebisha bomba la jikoni lililozeeka, na lini mashine yenyewe inafaa.

Mashine ilitengenezewa nyumba za namna gani

Mashine hii ilibuniwa mwaka 1927 na John W. Hammes, msanifu wa majengo wa mji wa Racine, jimbo la Wisconsin nchini Marekani. Hati ya kulinda ubunifu wake ilitolewa mwaka 1935, na mwaka 1938 akaanzisha kampuni ya kuitengeneza, InSinkErator. Ilikusudiwa nyumba zenye maji ya bomba yasiyokatika, zilizounganishwa na mabomba makubwa ya maji taka ya mji, ambamo mabaki ya jikoni hayana ng'ombe wala kuku wa kuyala.

Hata katika miji kama hiyo haikupokewa bila mashaka. Jiji la New York liliipiga marufuku kwa miaka mingi katika mitaa ambayo maji taka na maji ya mvua hupita bomba moja, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1997 tu. Wakuu wa jiji walihofia uzito ambao mabaki yaliyosagwa yangeutia kwenye mabomba na mito. Ikiwa jiji lenye mtandao mkubwa wa maji taka lilisita, mwenye boma Namwela au Lwandanyi, ambaye maji yake yanaishia kwenye shimo alilochimba mwenyewe, ana sababu kubwa zaidi ya kufikiri kwanza.

Maji yako ya jikoni yanaishia wapi?

Katika eneo letu kuna majibu matatu.

La kwanza ni bomba kuu la maji taka la mji. Kitale, Bungoma na Webuye ina mitandao hiyo, ingawa haifiki kila mtaa. Kama unalipia huduma ya maji taka na nje ya nyumba yako kuna mashimo yenye vifuniko vya chuma au saruji yanayofuatana hadi barabarani, huenda wewe ni wa kundi hili. Usikisie. Mimina ndoo ya maji kwenye sinki huku mwenzako amefungua kifuniko cha nje, aone maji yanapita au la.

La pili ni tanki la maji taka la nyumbani, lile tunaloliita septiki, pamoja na shimo lake la kufyonzea maji. Hapa uchafu mzito hutuama chini, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwenda kufyonzwa na udongo. Tanki huhitaji kunyonywa tope na utando wa juu vikishajaza karibu theluthi moja ya kina chake. Mabaki yaliyosagwa hayayeyuki yakatoweka. Hutuama, hujaza tanki mapema, na chembe zisizotuama hutoka na maji na kuziba udongo wa shimo. Ndiyo maana sehemu nyingi za Marekani humtaka mwenye mashine hii ajenge tanki kubwa zaidi kuliko la jirani asiye nayo. Huku kwetu ongeza jambo moja: lori la kunyonya maji taka hulipiwa kila linapokuja, na kwenye njia za matope za msimu wa mvua huenda lisifike kabisa.

La tatu ndilo la nyumba nyingi za Sirisia: bomba linatoboa ukuta na kumwaga maji kwenye mtaro wa wazi, shamba la migomba au shimo la mawe. Pengine hakuna hata sinki la duka, bali karo la saruji lililojengwa ukutani. Hapa mashine ya kusaga haina kazi yoyote ya kufanya. Uji wa mabaki utamwagika nyuma ya jiko, uchachuke, uvute nzi na panya, na ukiziba njia ya maji, dimbwi litakalobaki litazalisha mbu wa aina ya Culex, wanaopenda maji machafu yaliyotuama.

Kwa hiyo hukumu ya kwanza ni hii: kama bomba lako linaishia septiki, shimoni au mtaroni, usifunge mashine. Tumia fedha hizo kurekebisha bomba. Kama linaishia kwenye mtandao wa mji, endelea kusoma, kwa sababu bomba la zamani bado lina masharti yake.

Masalio ya jikoni yetu na meno ya mashine

Ndani ya mashine hakuna visu vikali kama watu wanavyodhani. Kuna sahani inayozunguka kwa kasi yenye vijinyundo vinavyorusha chakula kwenye ukuta wenye meno, kikakwaruzwa hadi kiwe chembe ndogo. Vitu vyenye nyuzi ndefu hujizungusha humo, na vitu vya wanga hugeuka gundi.

Sasa tazama kinachobaki katika jikoni ya Bungoma. Maganda ya ndizi yana nyuzi. Makapi ya miwa ni nyuzi tupu. Magunzi ya mahindi ni magumu mno. Mabua ya sukuma wiki na mashina ya kunde yana nyuzi pia. Ukoko wa ugali na wali uliobaki hufanya uji mzito unaoshika bomba. Majani ya chai hutuama kwenye kila kona. Mafuta ya chapati na ya kukaangia samaki huganda yakipoa. Ukiondoa vyote hivyo, kinachobakia kwa mashine ni kidogo sana, na hicho kidogo kuku watakimaliza asubuhi moja.

Kuna pia suala la maji. Mashine huhitaji maji baridi yanayotiririka kiasi cha lita 7 au 8 kwa dakika, kabla ya kusaga, wakati wa kusaga na sekunde kadhaa baadaye. Nyumba inayoteka maji kwa madumu itamaliza dumu la lita 20 kwa dakika mbili na nusu hivi. Pasipo maji hayo, chembe hubaki bombani na kukauka.

Pima bomba la zamani kabla ya kulibadilisha

Iwe unafunga mashine au unataka tu sinki lisizibe, vipimo ni vilevile vinne, na havihitaji fundi.

Kwanza, ziba tundu la sinki, lijaze maji, kisha lifungulie ghafla. Maji yakishuka yakizunguka bila kusita, bomba liko wazi. Yakipanda na kushuka, au yakitoa mlio wa glu-glu-glu mwishoni, kuna kizuizi au bomba halipati hewa. Mlio huo maana yake ni kwamba maji yanayoondoka yanavuta yale yanayopaswa kubaki kwenye trapu.

Trapu ni kile kipande kilichopinda chini ya sinki. Kazi yake ni kubakiza maji kidogo yanayozuia harufu, mende na hewa chafu kupanda jikoni. Kama sinki lako linanuka ingawa unalisafisha kila siku, tazama kama trapu ipo. Katika nyumba nyingi za zamani bomba limenyooka moja kwa moja hadi nje.

Pili, tambua bomba ni la nini. Chukua sumaku. Ikishika, ni chuma. Nyumba za zamani za Kitale, hasa zilizojengwa baada ya reli kufika mwaka 1926 na mashamba ya walowezi kushamiri, huenda bado zina mabomba ya chuma kizito ambayo viungo vyake vilizibwa kwa risasi. Nyumba za baadaye zina mabomba ya chuma cha mabati. Bomba kama hilo huota kutu ndani, na njia ya inchi moja na nusu hubaki upana wa kidole. Ukiona hivyo, usihangaike kulizibua kila mwezi. Libadilishe lote hadi nje. Bomba gumu la kijivu linalofanana na saruji na lisiloshika sumaku linaweza kuwa na asbesto. Usilikate kwa msumeno wala kulisugua, maana vumbi lake hudhuru mapafu. Liache, upitishe bomba jipya kando yake.

Tatu, angalia upana. Bomba la sinki la jikoni lisipungue milimita 40, yaani inchi moja na nusu. Bomba la inchi moja na robo ni la beseni la kunawia mikono, na kuna nyumba nyingi ambamo fundi alilitumia jikoni kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Usikubali pia bomba linaloanza pana na kuishia jembamba: linapopungua ndipo mabaki yatakapokwama.

Nne, pima mteremko. Chukua mpira mwangavu, utie maji, ncha moja iwe kwenye bomba linapotoka chini ya sinki na nyingine linapofikia nje. Maji ndani ya mpira husimama kimo kimoja pande zote mbili, hivyo tofauti kati ya kimo hicho na bomba itakuonyesha limeshuka kiasi gani. Kiwango cha chini ni sentimita 2 kwa kila mita. Kama kutoka sinki hadi nje ni mita 3, bomba linapaswa kuwa limeshuka angalau sentimita 6. Likiwa limelala sawa, au limebonyea katikati kwa kukosa kishikizo, hapo ndipo ukoko na mafuta vinapojikusanya, hata likiwa jipya.

Marekebisho yenyewe

Ukishajua tatizo, kazi ina mpangilio wake. Anza nje uje ndani, kwa sababu kimo cha mwisho wa bomba ndicho kinachoamua vimo vingine vyote.

Nje ya ukuta jenga au rekebisha gali, lile beseni dogo lenye maji yaliyobaki chini na kichungio juu. Bomba la sinki limwage chini ya kichungio lakini juu ya maji, ili lisirushe maji machafu ukutani. Ukingo wa gali uwe juu ya ardhi kidogo, mvua isilete tope ndani.

Pitisha bomba jipya la uPVC la milimita 50 kutoka ukutani hadi gali. Milimita 40 zinatosha kwa umbali mfupi, lakini umbali ukizidi mita 3 tumia 50, na uweke bomba la hewa linalopanda juu ya paa na kufunikwa kwa wavu. Kona zisiwe kali. Badala ya elbo moja ya nyuzi 90, tumia mbili za nyuzi 45. Kwenye kila kona weka tii, yaani kiungo cha njia tatu, yenye kifuniko cha kufungua, ili siku ya kuzibua usivunje ukuta. Kata bomba kwa mkato ulionyooka, ondoa makwaruzo, lifute likauke, ndipo upake gundi. Subiri muda ulioandikwa kwenye mkebe kabla ya kupitisha maji. Sehemu inayopigwa na jua ipake rangi au ifunike, kwa sababu jua hulifanya bomba la plastiki kuwa kavu na kupasuka.

Chini ya sinki weka trapu yenye umbo la herufi P, ambayo kina cha maji yake ni milimita 75. Trapu yenye umbo la chupa huonekana nadhifu na huchukua nafasi ndogo, lakini chini yake hukusanya uchafu. Iache kwa beseni la bafuni. Na usiweke trapu mbili mfululizo kwenye bomba moja: hewa hufungwa katikati, na maji hukataa kupita.

Ukimaliza, jaza sinki, fungulia, na upitishe kitambaa kikavu kwenye kila kiungo. Usiridhike kwa kutazama. Tone dogo halionekani kwenye bomba la kijivu, lakini kitambaa kitalinasa.

Kisanduku cha mafuta: pesa zilizotumika vizuri

Kama kuna kitu kimoja cha kuongeza kwenye bomba la jikoni katika eneo letu, si mashine ya kusaga. Ni kisanduku cha kunasia mafuta, kinachowekwa baada ya sinki na kabla ya septiki au shimo. Fundi yeyote wa kujenga kwa matofali anaweza kukitengeneza kwa siku moja, ukiacha muda wa saruji kukauka.

Vipimo vya familia moja ni hivi: ndani kiwe na urefu wa sentimita 60, upana 40 na kina cha maji 50. Hapo kitashika lita 120. Maji yakiingia na moto wake hupoa humo, mafuta hupanda juu, na ukoko na majani ya chai hutuama. Bomba la kuingilia liwe juu ya lile la kutokea kwa sentimita 5 hivi, na liwe na tii inayoelekeza maji chini yasivuruge utando wa mafuta. La kutokea nalo liwe na tii inayozama hadi karibu sentimita 15 kutoka sakafu ya kisanduku. Hapo ndipo penye siri ya kazi nzima: maji hutolewa katikati, mafuta yakibaki juu na mashapo yakibaki chini. Piga lipu ya saruji laini ndani, kisha weka kifuniko chenye vishikio ambacho mama wa nyumba anaweza kukiinua bila kuita mtu. Kifuniko kizito kupita kiasi ndicho sababu ya visanduku vingi kutosafishwa kamwe.

Kila wiki toa utando wa juu kwa kijiko kikubwa cha zamani, uchanganye na majivu au vumbi la mbao, uufukie. Mashapo ya chini yatoe kila mwezi. Usimimine maji yanayochemka ukidhani unasafisha. Unayayeyusha mafuta tu ili yakagande mbele zaidi, mahali usipoweza kufika.

Maji yanayotoka kwenye kisanduku yanaweza kwenda septiki, au kwenye shimo lake lenyewe. Bomani njia nzuri ni shimo la migomba: chimba upana wa mita 2 na kina cha mita 1, lijaze matawi, majani makavu na mabua ya mahindi, panda migomba pembeni, na umwage maji katikati chini ya majani. Usimwagilie maji hayo mboga zinazoliwa mbichi. Shimo lolote la maji machafu liwe angalau mita 30 kutoka kisima au chemchemi, liwe upande wa chini wa mteremko, na sakafu yake iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Huku miinukoni mwa Mlima Elgon watu wengi hunywa maji ya chemchemi. Shimo lililochimbwa juu ya chemchemi ni shimo lililochimbwa ndani ya sufuria ya jirani.

Kabla ya kuchimba, pima udongo. Chimba tundu la sentimita 30, lijaze maji, liache usiku kucha, kisha asubuhi lijaze tena uangalie saa. Maji yakichukua zaidi ya saa moja kushuka sentimita 2 na nusu, udongo huo haufyonzi vya kutosha. Tafuta mahali pengine.

Ukiwa mjini na bado unaitaka mashine

Kwa aliyeunganishwa na mtandao wa maji taka wa Kitale au Bungoma, mashine inawezekana, ila bomba la zamani litadai mambo matano.

Tundu la sinki. Mashine nyingi hutaka tundu la milimita 90 hivi. Masinki mengi ya zamani huku yana tundu dogo la bomba la inchi moja na nusu. Sinki la bati lisiloshika kutu linaweza kupanuliwa tundu kwa kifaa maalumu. Sinki la kauri, terazo au saruji litapasuka. Hapo ni kubadilisha sinki lote.

Kimo cha bomba ukutani. Hapa ndipo kazi nyingi hukwama, kwa hiyo pima kabla ya kununua. Tuseme meza ya sinki iko sentimita 90 kutoka sakafuni na sinki lina kina cha 20. Kitako cha sinki kiko kwenye 70. Mashine huning'inia chini yake, na tundu lake la kutolea maji huwa sentimita 15 hadi 18 chini ya kitako, yaani kwenye 52 hadi 55. Bomba la ukutani lazima liwe chini ya hapo, na kwa nafasi ya trapu afadhali liwe kwenye 40 hadi 45. Nyumba ya zamani yenye bomba lililotoboa ukuta kwenye sentimita 60 haitaikubali mashine mpaka ukuta utobolewe upya chini zaidi. Ukiacha bomba juu, maji yatasimama ndani ya mashine kila wakati, yanuke na kuila kwa kutu. Kwa sinki la mabakuli mawili, lipe bakuli la mashine trapu yake, la sivyo kila ukisaga, uji utapanda katika bakuli la pili.

Umeme. Umeme wa Kenya ni volti 240 na hezi 50. Mashine iliyotoka Marekani ni ya volti 120 na hezi 60. Transfoma itapunguza volti, lakini hezi hazibadiliki, na mota nyingi za namna hiyo zitazunguka polepole kwa karibu sehemu moja kati ya sita na kupata moto. Nunua ya volti 240. Iwe na soketi yake, waya wa ardhi, na kinga inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, si fundi wa mabomba kwa kujitolea. Swichi inayosukumwa kwa hewa ni salama zaidi kwa mikono yenye maji.

Ruhusa. Mtandao wa maji taka ni wa kampuni ya maji, ambayo kwa Kitale na Bungoma ni Nzoia Water. Ulizia ofisini kabla ya kubadilisha chochote kinachoingia kwenye bomba lao. Ukipanga nyumba, anza na mwenye nyumba.

Usalama. Kamwe usitie mkono ndani, hata swichi ikiwa imezimwa. Chomoa plagi kwanza, toa kitu kilichokwama kwa koleo, na uizungushe mashine kwa ufunguo wake kutoka chini. Waonyeshe watoto na msaidizi wa nyumbani sheria hiyo siku ya kwanza.

Bomba likiziba, sinki lenye mashine au lisilo nayo, anza kwa pampu ya mpira, kisha fungua trapu juu ya ndoo. Magadi makali ya kuzibulia yawe njia ya mwisho. Huchemka yakikutana na maji, huunguza macho na ngozi, na yakigusa alumini hutoa gesi inayowaka. Usiyachanganye na dawa nyingine yoyote, na umwambie fundi kwamba yamo ndani kabla hajafungua bomba.

Mabaki yaende wapi basi?

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka kila Mkenya atenganishe taka zinazooza na zisizooza. Ndoo mbili jikoni zinatosha kuitimiza. Ile ya vinavyooza ina wateja tayari: maganda ya ndizi, viazi na mboga kwa ng'ombe na mbuzi, ukoko wa ugali na wali kwa kuku. Usimpe ng'ombe mabaki yenye nyama au mifupa.

Kwa nguruwe kuwa mwangalifu zaidi. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921, haina tiba, na virusi vyake hubebwa na masalio ya nyama ya nguruwe. Usiwape mabaki yenye nyama hiyo, na mabaki mengine ya mezani yachemshe vizuri kwanza.

Kilichobaki kifanye mboji: tabaka la mabaki mabichi, tabaka nene zaidi la majani makavu au mabua, udongo kidogo na samadi, unyevu wa kiasi, na kugeuzwa kila baada ya wiki mbili. Mahindi na maharagwe ya msimu ujao yatakula kile ambacho mashine ingekipeleka shimoni. Na ukiwa na ng'ombe wawili watatu wa zizini, mtambo wa gesi ya samadi utapokea mabaki laini ya jikoni na kukurudishia moto wa kupikia.

Kwa mwenye nyumba wa Sirisia ushauri wangu ni huu. Wiki hii fuata bomba lako hadi mwisho wake, upime mteremko, na uangalie kama trapu ipo. Ukiwa na fedha za jambo moja tu, jenga kisanduku cha mafuta. Ukiwa na za mawili, badilisha bomba lote lililooza. Mashine ya kusaga mwachie aliye na bomba kuu la mji, maji yasiyokatika na mabaki yasiyo na mlaji. Wengi wetu tuna ng'ombe, kuku na shamba, na bomba letu halihitaji kubeba chakula.